Muflisi na Shamba la Wakfu

Aliyerithi shamba la minazi kwa babu yake, kisha akazama katika madeni hata mahakama ikamtangaza kuwa muflisi, hupotewa na shamba hilo, kwani ni milki yake, na mfilisi (tusichanganye: muflisi ndiye aliyefilisika, mfilisi ni mwenye kukabidhiwa mali yake) hana budi kuliuza awalipe wadai; lakini iwapo babu alikwisha kuliweka wakfu kwa dhuria wake, kizazi baada ya kizazi, na mwishowe kwa mafakiri, ardhi yenyewe haikuwa ya mjukuu tangu awali, wala deni lake haliigusi. Hata mutawali, yaani msimamizi wa wakfu, akifilisika, shamba hubaki salama, maana yeye ni amini tu. Alicho nacho mjukuu ni fungu la mapato, na hilo, kwa kadiri ya masharti ya hati, wadai waweza kulifikia.

Wakfu wa namna hii ulipata misukosuko: mwaka 1894 majaji wa Baraza la Malkia kule London waliubatilisha wakfu wa jamaa moja ya Bengal, wakisema fungu la mafakiri limewekwa mbali mno, India ikauhalalisha kwa sheria mwaka 1913, na Kenya mwaka 1951.

Ama yule ambaye madeni yamekwisha kumfika shingoni, ndipo akakimbilia kuandika hati ya wakfu ili awakwepe wadai, na watu hao wapo, mahakama yaweza kuitengua hati yake na shamba likarejea kwa mfilisi.