Kumtayarisha Askari wa Akiba Aitwapo Ng'ambo



Halmashauri imetuagiza tuseme machache juu ya askari wa akiba, yaani mtu aliyekwisha kuvua sare na kushika kazi ya uraia, kisha akaitwa tena kuvuka bahari. Bunduki, viatu na sindano za kinga ni juu ya serikali. Sisi twasema juu ya yale anayoyaacha nyumbani.

Majina ya mitaa yetu yatosha kutukumbusha. Kariokor latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi wala si kwa risasi, na mishahara ya wengi haikuwafikia jamaa zao, kwa kuwa majina yao na ya vijiji vyao hayakuandikwa vema. Soko la Burma nalo latukumbusha askari waliopigana katika nchi hiyo mwaka 1944. Tarehe 12 Februari mwaka huo meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa kwa dakika chache na manowari ya Kijapani iendayo chini ya maji. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, miongoni mwao mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Hata katika polisi wa Kenya walioanza kwenda Haiti Juni 2024, wako ambao hawakurudi hai.

Basi aitwaye atengeneze mambo manne kabla ya kufunga mzigo.

Kwanza, jina lake. Katika kitambulisho, vitabu vya jeshi na benki liwe moja, herufi kwa herufi.

Pili, ndoa yake. Mahari iliyotolewa mbele ya wazee ni jambo la heshima, lakini karani wa malipo hakuwapo siku hiyo. Sheria ya Ndoa ya 2014 yataka ndoa ya kimila iandikishwe na kupewa cheti. Mke asiye na cheti huambiwa arudi kesho, na kesho haina mwisho.

Tatu, kodi ya nyumba na karo. Aagize benki impelekee mkewe fungu la kila mwezi, wala asitegemee ahadi ya rafiki.

Nne, wasia. Sheria ya Kenya humruhusu askari aliye vitani kuusia kwa mdomo mbele ya mashahidi wawili. Lakini mashahidi wa vitani nao hufa. Na auandike hapa, mashahidi wawili wasiorithi kitu watie sahihi.

Nasi tubakiao tuna wajibu wetu. Tusingoje habari mbaya ndipo tubishe hodi kwa mkewe. Twende mwezi wa kwanza, tuulize kama fungu limefika. Lisipofika, tuandamane naye hadi ofisini.