Kufundisha Watoto Wadogo Muziki kwa Michezo ya Kuimba

Leo twapenda kuzungumza nanyi, khasa walimu na wazazi wa Mtendeni na mitaa mingine ya Tabora, juu ya kuwafundisha watoto wadogo muziki.

Wengi hudhani ya kuwa kazi hii haiwezekani pasipo kinanda. Sivyo. Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857, aliwasikia wapagazi wakiimba: mmoja huanza, wenziwe humwitikia. Misafara imekwisha, lakini desturi hiyo ingali hai katika michezo kama ule wa ukuti, watoto wakishikana mikono na kuzunguka. Hapo ndipo pa kuanzia. Zoltán Kodály wa Hungaria (1882–1967) naye aliona ya kuwa michezo ya nyumbani ni mlango mwema wa muziki.

Kwanza, waacheni wacheze mpaka wimbo uwakae mwilini. Pili, wapige makofi pale miguu ikanyagapo. Hapo wamekwisha kujua mapigo. Tatu, waonyeshe kwa mkono sauti ipandapo na ishukapo: tumboni, kifuani, kichwani. Mwisho ndipo mtaje do, re, mi. Hivyo mtoto hupewa jina la kitu alicho nacho tayari.

Angalieni pia maneno. Neno barabara, likiwa ni njia, halitamkwi kama barabara yenye maana ya sawasawa. Mkazo ukihama, maana huhama. Na katika Kinyamwezi sauti ya neno hupanda na kushuka, basi wimbo wa kigeni waweza kulivuruga. Kwa hiyo anzeni na nyimbo za nyumbani.

Lakini kubwa kuliko yote ni hili. Mtoto wa miaka sita akiambiwa mbele ya wenziwe, "Wewe nyamaza, waharibu," huenda asiimbe tena mpaka uzeeni. Katika duara hakuna wa kumnyoshea kidole: sauti za wenziwe humbeba, naye husikiliza, hujaribu, akapata kidogo kidogo. Twawasihi, msimtoe mtoto duarani kwa sababu ya sauti yake. Mpeni leo zamu ya kuitikia. Zamu ya kuanzisha itakuja.