Nondo, Mchavushaji wa Usiku

Nondo, yaani mdudu wa jamii moja na kipepeo ambaye aghalabu huruka usiku, hufahamika katika nyumba za Kadutu, mjini Bukavu nchini Kongo, kama mgeni wa taa anayeacha unga vidoleni, ingawa unga huo ni magamba madogo mno yaliyopangika juu ya bawa mithili ya vigae vya paa. Heshima anayostahili ni kubwa zaidi. Nchini Kenya watafiti wamebaini kwamba mipapai, ambayo mara nyingi huwa na maua ya kiume na ya kike katika miti tofauti, hutegemea hasa nondo wenye mbio wa familia ya Sphingidae, ambao jua linapotua huelea mbele ya ua, wakikunjua mrija mrefu wa kunyonyea nekta na kuhamisha chavua, kazi iitwayo uchavushaji.

Ni kweli kwamba kiwavijeshi vamizi, aliyeripotiwa Afrika mwaka 2016 na anayeangamiza mahindi, ni mtoto wa nondo, lakini kuwahukumu wote kwa kosa lake si haki, kwa kuwa viwavi wengine ni kitoweo cha Wakongo chenye protini nyingi. Nondo wa familia ya Saturniidae, wanaozaa wengi wa viwavi hao, hawali kamwe wakishapata mabawa. Huishi siku chache kwa akiba ya utotoni, wakitafutana gizani kwa harufu, na taa inayoachwa ikiwaka bure mpaka alfajiri huwapotezea usiku wasioweza kuufidia.