Mvumo Ule Ule

Filamu iitwayo BlackBerry, ya mwaka 2023, yasimulia jinsi kampuni moja ya simu ya Kanada ilivyopanda, ikaanguka. Mwanzoni mwanzilishi wake, Mike Lazaridis, akiwa mgeni ofisini mwa mtu, asikia chombo cha mezani kikivuma kwa ubovu. Hawezi kuvumilia, akakitengeneza bila kuombwa. Ndugu zangu, dhamiri ambayo Mungu ametupa huvuma vivyo hivyo, mpaka hofu ituzibe masikio. Mwaka 2007 iPhone ilipotokea, Lazaridis akakubali simu mpya iundwe kwa haraka, mbali na macho yake. Mwishoni yumo kati ya maboksi ya simu hizo. Aweka moja sikioni: mvumo ule ule! Aifungua, aitengeneza, achukua ya pili.