Korodani Inapojisokota Usiku

Msikilizaji, leo nazungumza na wavulana na wazazi wao juu ya jambo linaloonewa haya. Mvulana wa miaka 12 hadi 18 anaweza kuamshwa usiku na maumivu makali ya korodani moja, bila kuumia popote. Kinachotokea ni kwamba mshipa unaoning'iniza korodani na kuipelekea damu umejisokota kama kamba. Korodani huvimba na kupanda juu kuliko ile nyingine, wengi hutapika. Wapo wanaosema tumbo tu linauma, kwa aibu, wakaishia kupewa dawa ya minyoo au ya ngiri. Hilo linaniuma sana. Mvulana akipasuliwa ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze, korodani mara nyingi hupona. Zikipita saa 24, kwa kawaida imeshakufa na huondolewa.

Ikiwahiwa, daktari huizongoa, kisha huzishikiza korodani zote mbili kwa nyuzi zisijizungushe tena. Mama, baba, mtoto akilalamika tumbo la chini, muulizeni bila kumkaripia: na huko chini, kunauma? Akikubali, msingoje kuche. Asile wala asinywe kitu, mwende moja kwa moja hospitali yenye chumba cha upasuaji, si duka la dawa.