Barua za Watoto: Mashindano ya Kuandika Yaingie Darasani kwa Namna Gani?

(Mazungumzo ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi mbele ya wazazi, walimu na viongozi wa familia zilizohama, Kivu ya Kusini)



Nimeombwa niseme juu ya mashindano ya kuandika ambayo shirika linataka kuyaleta katika shule ya msingi ya watoto wetu. Mzee mmoja aliniuliza njiani: "Mwalimu, mtoto hana kiatu, wewe unamletea mashindano?" Ni swali la haki. Mashindano hayalishi mtu. Lakini mtoto wa mwaka wa tano asiyeweza kuandika barua ya mistari kumi atatafuta mtu wa kumwandikia maisha yake yote: kwenye ofisi, kwenye kituo cha afya, mbele ya mwenye shamba. Wengi tulio hapa tunajua bei ya kumlipa mtu akuandikie. Na siku ya kurudi nyumbani, atakayedanganywa juu ya mpaka wa shamba ni yule aliyetia kidole kwenye karatasi asiyoweza kuisoma.

Mashindano ya namna hii si kitu kipya duniani. Umoja wa Posta Duniani, ambao ni shirika la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Bern, Uswisi, umekuwa na mashindano ya barua kwa watoto tangu mwaka 1971. Wanaoandika ni wa miaka 9 hadi 15, na kila nchi hupeleka barua moja tu iliyoshinda kwake. Kila mwaka wana somo lake. Mwaka 2021 watoto walimwandikia mtu wa familia yao juu ya waliyopitia wakati wa Covid-19. Mwaka 2024, Umoja huo ulipotimiza miaka 150, waliviandikia vizazi vijavyo juu ya dunia wanayotumaini vitairithi. Mwaka 2025 mtoto alijifanya bahari, akamwandikia mtu amweleze kwa nini aitunze. (Mtoto wa Baraka angejifanya Ziwa Tanganyika, na nadhani angekuwa na mengi ya kusema juu ya watu wanaovua kwa chandarua.) Huko Japani pia kuna mfuko wa hisani uitwao Goi Peace Foundation, ulioanzisha mwaka 2000 mashindano ya insha kwa watoto na vijana wa nchi zote, na Kifaransa kimekuwa mojawapo ya lugha zinazopokelewa.

Siwatajii haya ili mfikiri kwamba mwezi ujao watoto wetu watapanda ndege. Nawatajia ili tuangalie jambo moja lililo katika mashindano ya barua: kuna mtu anayeandikiwa. Shuleni kwetu tumezoea kumwambia mtoto, "Eleza likizo yako." Amweleze nani? Mwalimu anayeijua likizo hiyo, kwa sababu walikuwa kambi moja? Mtoto akijua kwamba kuna mtu anayengoja barua yake, anaanza kujiuliza mwenyewe: huyu ataelewa? Nianze na lipi? Hapo ndipo kuandika kunapoanza.

Sasa tuje darasani, maana huko ndiko kwenye kazi.

Tangu Septemba 2019, serikali ilipoanza kutekeleza masomo ya msingi bila malipo yaliyotajwa katika Katiba ya mwaka 2006, madarasa mengi yamejaa. Ongeza watoto wetu tuliokuja nao. Mwalimu mwenye watoto 80 hawezi kusahihisha barua 80 kwa jioni moja, na akilazimishwa atachagua watano wenye akili, awaache wengine wakicheza nje. Mashindano ya namna hiyo siyataki. Ya darasa ni yale ambayo kila mtoto anaandika, na kila barua inasomwa na mtu.

Inawezekana. Juma la kwanza hakuna biki. Mtoto anarudi nyumbani na swali moja la kumwuliza bibi au babu: kwa mfano, mbuzi wa jirani akila mihogo yako, zamani mlifanyaje mpaka mkaendelea kusalimiana? Kesho yake anasimulia mbele ya wenzake, kwa mdomo. Juma la pili anaandika. Juma la tatu watoto wanakaa wawili wawili, mmoja anamsomea mwenzake, na mwenzake lazima amwulize maswali mawili juu ya kile ambacho hakukielewa. Kisha anaandika upya. Mwalimu hapiti na biki nyekundu juu ya kila neno. Anachagua makosa mawili tu kwa darasa zima, labda nukta na herufi kubwa, na kuyafundisha. Makosa mengine yatangoja zamu yao.

Lugha iwe Kiswahili kwanza. Nasema hivi nikijua kwamba wazazi wengine wanataka Kifaransa, kwa sababu ndicho cha mtihani. Lakini tukianza na Kifaransa, washindi watakuwa watoto wa walimu na waliotoka mjini, na wale walioshuka kutoka milimani watanyamaza. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za kitaifa, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaruhusu lugha hizo zitumike kufundishia. Barua zitakazopelekwa nje, watoto wa mwaka wa tano na wa sita watazitafsiri pamoja na mwalimu. Hilo nalo ni somo zuri la Kifaransa, tena bora kuliko kukariri.

Juu ya somo la kuandikia, nina ombi kwa shirika: neno amani msiwape watoto. Ukimpa mtoto neno hilo atakuandikia hotuba aliyoisikia kwa kiongozi siku ya sherehe. Mpe kitu anachokijua. Mimi napendekeza hivi: "Mwandikie mtoto atakayekalia benchi lako mwaka ujao. Ajue nini ili aishi vizuri hapa?" Mtoto ataandika juu ya foleni ya maji, juu ya mwenyeji aliyempa kiazi, juu ya nani asiitwe kwa jina la kumdharau. Amani itakuwamo bila kuitwa.

Sasa nafika mahali pagumu, na naomba wageni wetu wa shirika nao wasikilize.

Mtoto asiombwe kuandika juu ya usiku ule tuliokimbia. Kuna watu wanaopenda barua za machozi, kwa kuwa zinagusa moyo wa anayezisoma mbali. Lakini mtoto si kisima cha kuchotea machozi. Akiandika mwenyewe, kwa hiari yake, mwalimu ataipokea barua hiyo kwa heshima, hataisoma mbele ya darasa, hataiingiza kwenye mashindano. Atamwita mzazi pamoja na mtu anayehusika na ulinzi wa watoto, wazungumze kwa utulivu.

Tena kuna majina. Mtoto wa miaka kumi akiandika "fulani ndiye aliyechoma nyumba yetu", ameandika jambo linaloweza kuua mtu, pengine yeye mwenyewe. Karatasi husafiri, leo iko darasani, kesho iko sokoni. Kwa hiyo jina la mtu, la kijiji au la kikundi chenye silaha lisitoke katika mlango wa darasa. Picha ya mtoto isipigwe bila mzazi kukubali, na mzazi akikataa, mtoto wake asipoteze nafasi wala daftari. Wala barua isichapishwe mahali popote kabla mtoto na mzazi hawajasomewa kile kitakachochapishwa. Kama shirika halikubali haya, mimi nasema heri tusiwe na mashindano.

Kwenu wazazi nina maneno machache. Msiwaandikie watoto. Mtoto wa mwaka wa nne haandiki "kwa mujibu wa hali iliyopo", tutawajua. Karatasi zitabaki shuleni. Msaada wenu ni kuwasimulia mnapoulizwa, na siku za kuandika kumwachilia binti asipelekwe mtoni na bidoni asubuhi. Walimu nao wasiweke kazi hiyo siku ya mgao wa chakula, maana wasichana ndio watakaokuwa kwenye mstari.

Juu ya kuamua mshindi, tusidanganyane. Darasani humo wamo Wabembe, Wafuliiru, Wavira, Wanyamulenge na wengine. Mshindi akitangazwa, swali la kwanza kisimani litakuwa: ni wa nani huyo? Kwa hiyo kila barua itakuwa na namba, na majina yatafungwa katika bahasha kwa mkuu wa shule mpaka mwisho. Wasomaji watakuwa watano, waliohama na wenyeji, angalau wawili wawe wanawake, na mwalimu wa darasa hilo asiwemo.

Zawadi ndiyo tuliyobishania sana katika kikao cha walimu. Shirika lilifikiri kumpa mshindi begi na viatu. Begi moja kati ya watoto 80 ni ugomvi wa miezi mitatu. Tulipatana hivi: kila mtoto aliyeandika apate daftari na biki mbili, darasa lipate sanduku la vitabu vya kusoma, na mshindi apate kamusi yake mwenyewe, kisha achague mtu wa kumsomea barua yake mbele ya watu. Akimchagua bibi yake, basi bibi atapewa kiti.

Kabla hatujatoka nahitaji majina ya wasomaji hao watano. Wenyeji mtoe wawili, sisi tuliohama tutoe watatu, na safari ijayo tugeuze. Mama uliyeinua mkono huko nyuma, nimekusikia. Ndiyo, hata asiyejua kusoma anaweza kuingia. Barua zitasomwa kwa sauti, nawe utasema ni ipi uliyoisikia vizuri na kwa nini. Pita mbele, utuambie jina lako.