Walinzi wa Kijiji Nao Wahesabiwe
(Hotuba fupi kwa kamati za sharika na wafadhili)



Tunapozungumzia amani, kwa kawaida tunataja serikali na waasi. Leo tunaomba tumtazame mtu wa tatu: kijana wa kijijini aliyechoka kukimbia.

Mwaka 1990, katika mkoa wa Zambezia nchini Msumbiji, mganga kijana Manuel António aliwakusanya wanavijiji waliokuwa wakiteswa na waasi wa Renamo. Alidai kuwa alikufa utotoni, akafufuka, akapewa dawa ya kuzuia risasi. Wafuasi wake, Naparama, walichanjwa dawa hiyo, wakajifunga vitambaa vyekundu na kwenda vitani na mikuki. Sisi Watanzania, tuliosimuliwa habari za Majimaji, tunaijua imani hiyo na gharama yake. Hata hivyo tusiwacheke. Waasi wengi waliwakimbia, na maelfu ya watu walirudi mashambani kwao.

Mwishoni mwa 1991 António aliuawa vitani. Vita vilikoma kwa Mkataba wa Roma wa tarehe 4 Oktoba 1992, ambao jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio ilisaidia kuupatanisha. Askari wa serikali na wa Renamo waliandikishwa na kupewa mafao ya kurudi uraiani. Naparama hawakuhesabiwa. Waliowarudisha watu nyumbani waliachwa mikono mitupu.

Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, kwa maono ya Askofu Dinis Sengulane wa Kanisa la Anglikana, lilianzisha mradi wa kugeuza silaha kuwa majembe. Aliyesalimisha bunduki alipewa jembe, baiskeli au cherehani. Huo ni unabii wa Isaya uliowekwa katika bajeti.

Tangu 2022 vikundi vya Naparama vimeibuka Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, dhidi ya waasi walioanza mashambulizi mwaka 2017. Swali la 1992 limerudi mlangoni petu.

Ndugu wanakamati, mnapoorodhesha walengwa baada ya machafuko, waulizieni pia waliokesha wakilinda. Ndugu wafadhili, pamoja na chakula, tengeni fungu la mafunzo ya ufundi na ushauri wa kichungaji kwa vijana hao. Kijana aliyezoea vita na asiye na kazi anaweza kuwa hatari kwa kijiji alekile alichokiokoa.